Vipimo Vyako na Baruti Mpya

Mpendwa Baba Neema,

Imelia! Bunduki yako imelia, mume wangu, na mkeo bado ana macho mawili na vidole kumi. Kwa furaha mwandiko unakwenda upogo, nivumilie.

Unakumbuka siku ulipoileta hapa mtaani kwetu La Rochelle? "Ni ya kijeshi, ya zamani kuliko babu yangu," ukasema, "lakini shabaha ya mita mia nane inaifikia." Nikakuuliza huyo babu atalala wapi na chumba chenyewe kimoja.

Basi meza tukaigawana, cherehani yangu huku, mizani yako kule. Ukianza kumimina baruti kwenye maganda ya risasi, unanipiga marufuku kusema. Mimi! Nusu saa nzima! Matupu uliyafudikiza, yaliyojazwa ukayasimamisha, halafu ukayamulika moja moja kwa tochi usije ukalijaza ganda mara mbili. "Kosa moja tu, Mama Neema, na hii kitu inanipasukia usoni." Kisha unaandika kipimo kwenye lile daftari la bluu.

Tangu ulipotutoka bunduki ilikaa kwa Mzee Petrus, fundi bunduki uliyekuwa ukifanya naye kazi mtaa wa jirani, Turffontein. Leseni yangu ya urithi ilipotoka, nikasema Jumamosi nitaipiga kwenye uwanja wa shabaha, binti yako akaja juu. "Eish, Mama, utajiua! Jumamosi isipolia salama, tunauza." Nikamwambia haya, tutaona.

Mzee Petrus akaukagua mtutu na komeo la kufungia risasi. "Chuma kizima," akasema, "lakini ni cha zamani, usikitese." Baruti uliyokuwa ukitumia haitengenezwi tena, akaniuzia aina nyingine pamoja na kijitabu chake cha vipimo. Kijitabu nikakiacha mkobani. Cha nini, na mume wangu kaniandikia kila kitu?

Nilikuwa nimejaza maganda matatu kwa kipimo chako simu ilipolia. Najua, ulikataza, lakini nikapokea. Neema anataka gauni la harusi ya rafiki yake. "Tumia vipimo vya mwaka juzi, Mama, sina nafasi ya kuja." Nikamfokea: "Vya mwaka juzi kwa mwili wa leo? Litapasuka mgongoni hilo! Njoo nikupime upya."

Jamani. Nikabaki na simu mkononi, naangalia yale maganda. Kipimo cha zamani, baruti mpya yenye nguvu zake. Mimi, fundi cherehani wa miaka ishirini!

Niliyamwaga yote matatu. Na nililia, sikufichi, maana kuiacha namba uliyoiandika kwa mkono wako niliona kama nakuzika mara ya pili. Nilipomaliza kulia nikafungua kijitabu, nikatafuta bunduki za umri wa hii yetu, nikaanza na kipimo cha chini kabisa. Simu nikazima. Nikafudikiza, nikasimamisha, nikamulika, wala sikusema neno, na hakukuwa na mtu wa kunikataza.

Jumamosi nikapiga tano. Kila moja ikilia natoa ganda, nalitazama kitako na ubavu, halijavimba, halijapasuka. Komeo linafunguka laini tu. "Sharp, Mama!" Mzee Petrus akapiga kelele. Matundu matano, Baba Neema, unayafunika yote kwa kisahani cha chai! Yamekaa chini kidogo ya katikati, lakini nani anajali? Nilirukaruka pale uwanjani na umri wangu huu.

Nyumbani nikaandika kipimo kipya daftarini, chini ya vyako, na jina la baruti pembeni kwa herufi kubwa. Neema, aliyekuja kupimwa gauni, akaniinamia begani, akasoma kurasa zako zote polepole. Nikamchokoza, je, mnunuzi kapatikana?

"Mnunuzi wa nini?" akasema. "Niachie na mimi ukurasa."

Nimemwachia, mume wangu. Lala salama, nusu saa yangu ya kunyamaza imekwisha.

Ni mimi msemaji wako,
Mama Neema