Mluzi wa Marehemu Kutoka Ng'ambo ya Kijito

Mpendwa Shangazi Dinah, naomba msaada wako kabla kondoo hawajapandishwa tena mlimani, maana nimeahidi kutoa jibu kufikia hapo, na kila nikikaa kulitafuta najikuta nimesimama mlangoni nasikiliza.

Mume wangu Joss alifariki majani yalipoanza kupukutika, akaniachia kundi la kondoo lililokuwa bado juu mlimani, ukuta wa mawe unaobomoka kila mvua ikinyesha, na mbwa wa kuchunga, Fleet, asiyejua neno hata moja la binadamu, anajua mluzi tu, tena wa Joss. Shangazi, unajua jinsi neno hilo tunavyolichosha huku kwetu: koo la mnywaji tunaliita mluzi, akienda baa anakwenda kuulowesha, anayefichua siri za bosi wake kapuliza mluzi, ukidai kitu usichoweza kupata unaambiwa, "Kapige mluzi!" Lakini kwa Fleet kila mluzi una maana yake moja, ule wa kupanda ni zunguka kulia, wa kukatika ni lala, na ule wa mwisho, wa chini, unaopinda kidogo mkiani kwa sababu ya jino la Joss lililovunjika, maana yake inatosha, kazi imekwisha, rudi nyumbani.

Mimi sijui kupiga. Bibi yangu alinifunza kwamba mwanamke apigaye mluzi na kuku jike awikaye wana mwisho mmoja, tena mbaya, nikamwamini, basi Fleet akalala langoni na kondoo wakabaki ukunguni, hadi asubuhi moja nikikanda unga nikausikia mluzi wa Joss, ule ule, na kupinda kwake mkiani. Fleet aliruka ukuta. Mimi nikabandika birika, nikatoa vikombe viwili, ndipo nikakumbuka kuwa nilimzika.

Ukunguni walitoka kondoo, na nyuma yao Wilf Mounsey, jirani wa ng'ambo ya kijito, mtu ambaye miaka yote nilimjua kwa kofia yake tu.

"Umejifunza wapi?" nikamuuliza.

"Bi Hester, nimeusikia kila jioni. Ningekosa kuujua ningekuwa kiziwi."

"Na wako mwenyewe?"

"Wangu? Hata mbwa wangu anaucheka."

Tangu hapo, kila giza likikaribia anaupiga ule wa mwisho, eti Fleet apate usingizi. Fleet anapata. Jioni moja nilizinduka nimesimama katikati ya kijito, viatu vimejaa maji, kisu cha viazi mkononi. Wilf alivua kofia upande wa pili, akasema, "Kondoo wako wananijua, mbwa wako ananijua. Umebaki wewe. Tuoane, Bi Hester."

Wifi yangu ananicheka: "Wewe ni mjane au ni mbwa? Ukipigiwa mluzi, mbio!" Shangazi, nikimkubali nitakuwa nimeolewa na nani? Na nikimkataa ataacha kupiga, na hapo Joss atakuwa amekufa kweli.

Mimi, Mwenye Viatu vya Maji.

*

Pole, Mwenye Viatu. Hiyo pole inatoka moyoni. Sasa kaa nikugombeze.

Kijitoni na kisu, mwanamke mzima! Wifi yako ana ulimi mkali, lakini macho yake ni mazima. Na bibi yako, Mungu amrehemu, hakuwajua kuku. Nimewafuga maisha yangu yote: jike aliyewika aliishia chunguni, na waliotaga kimya kimya wakaishia chungu kile kile.

Bwana Wilf si tapeli. Mwanaume hasikilizi jioni za jirani kwa miaka mpaka akajua jino lililovunjika, kama hana kitu moyoni. Ila amejificha ndani ya mdomo wa marehemu, nawe umemwacha humo kwa kuwa panakufaa. Mwambie atoke. Apite darajani, abishe hodi, ale mkate wako wa tangawizi, kisha akupigie mluzi wake mwenyewe, huo unaochekwa na mbwa. Ukicheka nawe, umepata jibu. Ukitamani anyamaze, umepata jibu pia, na umwambie kabla hajamaliza chai.

Fleet ni wako, usimkodishe. Nunua kile kifilimbi cha bati kinachokaa juu ya ulimi. Mwanzoni utatoa mate mengi kuliko sauti, na mbwa atakutazama kama mgonjwa. Endelea.

Lakini kabla ya yote hayo, pandeni jioni moja, wewe na mbwa, hadi lango la mlimani. Umeniandikia mwenyewe maana ya mluzi ule wa chini, ukaipita kama hukuiona. Tangu mlipomzika, Joss hajapumzika: anateremsha kondoo, anambembeleza mbwa, anachumbia kwa niaba ya jirani. Mchungaji gani humwacha mwenzake juu huko bila kumwambia inatosha?

Mpigie Joss mluzi huo. Utatoka vibaya, bila kule kupinda. Ataelewa.