Chupa Nilizomwoshea Musimbi

Gatwekera, Kibera,
Nairobi.
14 Agosti 1988

Mpendwa dada Nasambu,

Habari za Kimilili, na wanafunzi wako wa sayansi? Ile homa imekuachia? Sisi tu wazima, ila baridi ya mwezi huu haina adabu.

Barua yako ilifika, nami nashukuru kuliko unavyodhani. Nina aibu kukueleza kwa nini, lakini nitakueleza.

Nilikuuliza Musimbi, yule mwanafunzi wa maabara ninakoosha vyombo, anatafuta nini ndani ya bitiruti. Ukanijibu kwamba kila seli ya mmea ina ghala la kalsiamu, na mmea ukiguswa au ukishikwa na baridi, ghala hufunguka, kalsiamu kidogo ikatoka kupeleka habari. Ukaongeza kwamba hata maji ya bomba yana kalsiamu, ndiyo ule ukoko mweupe wa birika. Hapo nilitafuta kiti.

Dada, niliagizwa nisuuze kila chupa mara tatu kwa maji ya mtambo, safi kama yale ya betri, kisha niyamwage. Mtu anayenunua maji kwa debe atamwagaje maji kama hayo? Moyo ulikataa. Nikawa nasuuza mara moja tu, kwa ya bomba, huku nikijisifu kwamba nawawekea akiba.

Kumbe miezi saba mtoto wa watu anaona kalsiamu kila mahali, hata kabla ghala halijafunguka. Profesa alikuwa amempa hadi mwisho wa Agosti, la sivyo aache masomo.

Mimi bado ni kibarua, nikajua nikisema nimejifukuza. Lakini mficha maradhi, kifo humuumbua. Jumatatu asubuhi nilimwambia. Akalia.

"Mzee, mimi nilidhani ni kichwa yangu ndio haiwezi," akasema.

Tulisuuza kila kitu upya. Safari hii kipimo kilitulia chini, na alipotia dawa ya kufungua ghala, kikapanda. Profesa alinikaripia vya kutosha, lakini kazi ninayo, na binti anaendelea. Bila wewe angerudi Vihiga akijiona mjinga kwa sababu ya ubahili wangu. Asante sana, dada.

Msalimie mama, na mwambie kaka Wekulo namkumbuka. Mungu akuzidishie afya na subira ya kufundisha.

Musimbi pia anakusalimu. Anasema kitabu chake cha utafiti kitakuwa na ukurasa wa shukrani, na jina lako litakuwemo. Nilimwomba langu aliache. Akanionyesha: amekwisha kuliandika, la kwanza.

Ndimi ndugu yako akupendaye,
Khaemba