Vifaranga Aliowaacha Wakesho

Jumanne, 2 Julai 1957

Zamu ya asubuhi. Nimegeuza reli mara nne, na treni zote zimekwenda zilikotakiwa. Hakuna aliyenishukuru. Nimerudi landi, kwenye nyumba zetu za wafanyakazi wa reli, na debe la maji moto kutoka kwa injini, kama kawaida.

Vifaranga wa bata ni wanane. Leo wana siku tano. Mayai Wakesho aliyanunua Taveta, akamwekea kuku wetu mweusi ayalalie, kisha akapanda mlimani, Chawia, kwa mama yake. Huko akafa. Hii ni wiki ya tatu tangu tumzike mke wangu, na mayai yake yameanguliwa kana kwamba hayakupata habari.

Kuku anawatazama kama mtu aliyeachiwa mzigo wa jirani. Mimi pia. Lakini ndicho kitu chake cha mwisho chenye uhai humu ndani. Nataka waishi. Hilo nimeliandika mara moja, silirudii.

Mmoja hasimami.

Jumatano, 3 Julai

Asiyesimama amekufa. Wamebaki saba.

Wawili kati ya hao ni wadogo mno, shingo zinatikisika, hata ukingo wa karai hawaufikii. Hao siwahesabu. Watano ni wazima, wanakunywa kama makuli. Nawapa maji ya uvuguvugu, maana asubuhi za Julai zina baridi na kuku hatoshi kuwafunika wote.

Wakesho angewasha kuni apashe maji kwenye kisufuria. Miaka kumi na moja nilimwambia: maji ya injini ni bure, na yamechemshwa na Serikali. Miaka kumi na moja alikataa kuyatia jikoni. Ya kufulia, sawa. Ya jikoni, hapana. Sababu hakutoa. Mkaidi.

Nimemwita marehemu mkaidi. Sifuti.

Alhamisi, 4 Julai

Jambo la leo sitamwambia mtu.

Saa kumi jioni vifaranga wote waligeuka wakatazama mlango. Kwa pamoja. Hapakuwa na mtu. Wala upepo. Saa kumi ndiyo saa Wakesho alipokuwa akimmwagia kuku pumba. Lakini hawa hawakumjua. Walikuwa mayai.

Nilifunga mlango. Kisha nikaufungua. Kumfungia mtu nyumba yake si adabu.

Jumamosi, 6 Julai

Wawili wamekufa. Na ni katika wale wazima!

Jana walikuwa na kiu ya ajabu, nikawajazia karai mara tatu. Leo miguu imelegea, mabawa yameanguka, basi. Nimewaletea mchwa, pumba, mchicha uliokatwa. Chakula hawataki. Wanataka maji tu. Nimewaongezea.

Bi Zuhura, mke wa seremala wa jirani, alichungulia dirishani. Akasema, "Pole, jirani. Hao wanamfuata mwenyewe." Akarudi kwake kukaanga vitunguu. Watu humwachia mwenzao neno kama hilo, kisha wakala vizuri.

Wamebaki watano.

Jumapili, 7 Julai

Sikwenda kanisani. Mama mkwe ameshuka kutoka Chawia kwa lori la mboga. Alikaa nje, juu ya kigoda, akawatazama vifaranga muda mrefu. Kisha:

"Una hasira na mwanangu?"

"Marehemu hakasirikiwi, mama."

"Sikukuuliza kama inafaa. Nimeuliza kama unayo."

Akaniambia ninayoyajua tangu utoto: hasira ya moyoni haikai mahali pamoja, hutoka ikala watoto, ikala mifugo. Mtu hana budi kutasa. Unajaza kinywa maji, unayapuliza nje, unasema lililo moyoni na kulifukuza.

"Mama, wewe si Mkristo?"

"Ni Mkristo. Maji hayana dini. Nitarudi Jumapili. Utafute maneno. Ya kweli, si yale uliyosema mazishini."

Mimi nimejifundisha kusoma kwa magazeti yaliyofungiwa nyama. Mambo ya kutasa niliyaacha mlimani pamoja na baridi yake. Lakini sikucheka.

Jumatatu, 8 Julai

Mwingine. Wamebaki wanne.

Saa kumi wametazama mlango tena. Nikasema kwa sauti, "Wakesho, kama ni wewe, waache." Nilipogeuka nikamwona Bi Zuhura amesimama na ndoo yake. Kesho landi nzima itajua.

Naandika hapa kwa kuwa hapa hapasomwi: namwogopa mke wangu. Alipokuwa hai sikumwogopa hata siku moja. Pengine ndilo lililokuwa kosa.

Jumatano, 10 Julai

Wawili wamekufa kabla ya zamu yangu kuisha. Wamebaki wawili. Na ni wale niliokataa kuwahesabu.

Hilo limenikalisha chini. Nimegeuza sanduku la sabuni nikakaa uani tangu saa nane, nikatazama tu. Nguvu hawana. Karai hawalifikii. Wanamfuata kuku hadi kwenye mfereji wa landi, pale bomba linapovuja, wanakunywa matone pamoja naye. Kuku naye ni mzima.

Nikaliangalia karai. Pembeni lina mstari mweupe, kama chumvi ya jasho kwenye kofia. Nikaulamba. Mchungu, unateleza kama sabuni.

Nikamwendea Ochieng, mchochea moto wa injini, ambaye hunijazia debe. Nikamuuliza maji yale yana nini.

"Iko dawa, ya kuosha tumbo ya injini. Kwani unafanyia nini?"

"Nawanywesha bata."

Aliweka koleo chini. "Wewe, Mtaita! Kuoga, sawa. Kufua, sawa. Nani alikuambia hiyo ni maji ya kunywa?"

"Hakuna aliyeniambia."

"Na hukuuliza?"

Sikuuliza. Nilijiona najua.

Jioni nimemwaga debe lote relini.

Alhamisi, 11 Julai

Si Wakesho. Ni mimi na ujanja wangu. Nilikuwa nawaona wana kiu, nawaongezea.

Nilidhani nikijua nitalala. Mzimu ungekuwa nafuu. Mzimu mtu anaweza kuuhama.

Tena kuna hili: alijua? Au alikuwa mkaidi tu, akapatia? Hakuna wa kuulizwa. Saa kumi wale wawili wametazama mlango, nami nimetazama pamoja nao.

Jumapili, 14 Julai

Mama mkwe amekuja na kibuyu cha maji ya Chawia. Nilimwahi mlangoni, nikamwambia yote: debe, dawa, karai. Nikamaliza, "Kwa hiyo mama, hasira haikuhusika."

Akasema, "Maji ndiyo yameua bata. Nimesikia. Sasa lete kinywa."

Nikachukua maji. Baridi ya kuuma meno. Nikayapuliza kuelekea machweo kama nilivyomwona babu yangu akifanya. Niliona aibu, mtu mzima mwenye sare ya reli. Kisha nikasema. Nilisema: uliniaga kwamba unakwenda kuvuna maharagwe, na ulikuwa unajua unaumwa. Umeniacha nigeuze reli wiki nzima nikidhani unavuna maharagwe. Umekwenda kufa kwa mama yako kama mke asiye na mume.

Nikapuliza tena. Likatoka lingine ambalo sikulitafuta: hukuniambia kwa sababu ungeniambia ningefanya mzaha. Nami ningefanya.

Baada ya hapo maji yalikuwa yameisha kinywani.

Mama mkwe akakipokea kibuyu. Nilidhani anakifunga. Akanywa, akapuliza, hakunitazama. "Nami nilikuwa nayo," akasema. "Juu yako. Alipougua alikutazamia njiani siku sita. Sasa naitoa."

Siku sita. Hilo sikulijua. Hakuniita, lakini alinitazamia.

Tulikaa. Nikampikia chai kwa kuni.

Jumamosi, 27 Julai

Mapumziko. Wale wawili wameanza kuota manyoya mabawani. Shingo zimenyooka. Bado ni wadogo kuliko umri wao, lakini wanakula, na juzi mmoja alikimbizana na nzi akashinda.

Mama mkwe alipita asubuhi akitoka sokoni. Sikuombwa. Nimemshika mmoja nikamtia kapuni mwake, juu ya majani ya migomba. Alimtazama, akasema, "Huyu ana macho ya mtu anayekataa." Nikasema ndiyo, mama. Akafunika kapu kwa kanga, akaenda kulitafuta lori.

Aliyebaki amelia mchana kutwa. Amezunguka ua wote, nyuma ya tangi, chini ya kitanda. Kuku hamjali tena, ameanza kutaga.

Nimekaa naye chini sakafuni. Jua lilipopungua alikuja mwenyewe, akalala juu ya kiatu changu cha kazi, mguu wangu ukiwa ndani. Sijausogeza.