Pembe ya Kushoto

Kabiro, Kawangware
Jumapili

Kwa Baba mpendwa,

Mulembe. Natumai barua hii itakukuta umeketi mahali, maana dada Annet alinipigia akasema mguu umevimba tena na bado unang'ang'ana kwenda Khayega kuangalia mafahali wakipigana. Wewe Baba ni mtu mgumu. Kama macho yanakusumbua, Annet akusomee, lakini asiruke mahali. Mimi mwili ni mzima.

Umeniuliza mara mbili kuhusu ng'ombe wa Vincent, na mara mbili nimekujibu habari za mvua. Leo najibu. Ndiyo maana nimeandika. Kwenye simu ningekata.

Tangu tumzike ndugu yangu mwaka jana, yule fahali wake wa vyuma amebaki pale uwanjani, mkubwa kushinda kibanda changu cha kuchomelea. Unajua alivyomhangaikia, springi za lori na mabati ya magari mabovu, na jina lake kifuani: V. SHIVACHI. Watu wa huku huelekezana kwake, shuka pale kwa ng'ombe. Watoto walikuwa wakimpanda tangu asubuhi. Hata wenye ploti, ambao hawajawahi kuona fahali wa Isukha akipigana, walikuwa wanapiga picha naye.

Mwezi wa pili pembe ya kushoto iling'oka. Valerie, binti wa Tabby anayeuza mboga karibu na kibanda changu, alikuwa amening'inia hapo. Alianguka kwenye mawe na pembe ikamfuata. Mkono ulivunjika kwenye kiwiko, na daktari anasema hautanyooka kabisa. Ana miaka saba, Baba, na ndio mkono anaoandikia.

Mkutano ukaitwa. Mzee Mbuthia, ambaye uwanja ule ni wa familia yake, akasema fahali akatwe kabla hajaua mtoto. Wengine wakamjibu kwamba hata mitaro ya huku inavunja watu miguu na hakuna aliyeifunika, sasa kwa nini aondolewe kitu kimoja kizuri walicho nacho. Nikasimama nikasema, kama fundi, kwamba nimekagua viungo vyote na ni imara, ila pembe ile moja ndiyo iliyochomwa vibaya. Walinisikiliza. Ndipo Tabby akauliza ni nani aliyeichoma. Mtu akajibu ni marehemu, na marehemu haulizwi. Nikaketi.

Wakakubali abaki, pembe ya pili itolewe na azungushiwe waya. Lakini jina litoke, kwa sababu Tabby alisema hawezi kupita kila siku akisoma jina la mtu aliyemlemaza mtoto wake. Kazi hiyo nikapewa mimi. Nilishika grainda nikalisaga jina la ndugu yangu herufi moja moja, watu wakiangalia. Wengine wakanipa pole, nami nikaitikia.

Baba, pembe ile ilikuwa kazi yangu. Siku Vincent alipopelekwa hospitali, kesho yake ikiwa ndiyo siku ya kumzindua fahali, aliniambia pembe ya kushoto ameishika tu. Kwetu mafundi kushika ni kuweka matone mawili matatu ya moto ili chuma kisisogee. Kuchoma kwenyewe kunakuja baadaye. Nilimwelewa vizuri sana. Lakini stima ilipotea siku nzima, na wageni walikuwa wanakuja. Nikapaka filla, ule uji mzito wa kuzibia mabati, kwenye kiungo, nikapiga rangi juu yake, nikajiambia nitarudi. Kisha Vincent akafa, na nikawa siwezi kumkaribia yule ng'ombe bila kulia. Hiyo si sababu, najua.

Ijumaa Valerie alikuja kibandani akaniuliza kama Vincent alikuwa mtu mbaya. Nilifunga kazi nikaenda kwa Tabby, halafu kwa Mzee Mbuthia, nikasema yote. Tabby hakunitukana. Alikaa chini akalia, akaniomba niondoke. Mzee akasema aliyeficha pahali pamoja hawezi kuaminiwa kwa pengine, na kwamba ng'ombe alibaki kwa neno langu tu. Niliapa hakuna kiungo kingine. Hakuna aliyeamini, na mimi ningekuwa wao nisingeamini.

Alhamisi anakatwa. Sasa kila mtu anasema Vincent alikuwa fundi safi, na hakuna tena pa kuliandika jina lake. Nina aibu, Baba. Kwanza nilimharibia mtoto wako jina, sasa nimemharibia na kazi yake, naye hakuwa na mdomo wa kujitetea.

Msalimie Annet na watoto, na Mama Nasipwondi hapo ng'ambo ya mto. Kama unataka kuniita nyumbani unigombeze, nitakuja, lakini ningoje mpaka Ijumaa. Wamesema anayejua alipoficha ndiye atakayemkata.

Ni mimi mwanao wa kiume uliyebaki naye,
Derrick Shivachi