Mama Asiye na Uso

Oyugis, 9 Agosti 1996

Ndugu yangu Orina,

Salamu nyingi. Anwani yako nimepewa jana na Aliya wa duka la leso, aliyekuona Mombasa. Huku mvua haijakatika, na mahindi ya baba yanaoza shambani kwa kukosa wa kuyavuna.

Unakumbuka ile kazi yako ya jiwe, mama asiye na uso? Baba aliisimamisha mezani, akaitazama mara moja tu, akasema sanamu ya kuchonga haikai kwa nyumba ya Msabato. Akaitupa kwa migomba, nawe ukaondoka.

Mwezi wa sita, akipalilia, aliikuta imelala matopeni. Akaniita, "Orpah, njoo! Tuliisimamisha vibaya. Huyu amepiga magoti. Uso ameuficha mikononi, anaomba." Akaketi palepale chini na jembe lake. "Mama yenu aliomba hivi, kando ya kitanda."

Akaiosha, akaiweka karibu na Biblia. Kila siku aliniambia, "Mtafute Orina arudi. Mwambie nimemwona mama yake."

Basi ndiyo nakuambia. Baba tulimzika Jumapili.

Dada yako,
Orpah Nyatichi