Mtoto wa Kwenye Kitabu

Mjukuu wangu Ayuma,

Hatujambo hapa Iguhu. Mdogo wangu Rebeka anakusalimia. Tangu nisome barua yako, kutulia kumenishinda; naandika nikiinuka kila mara.

Unaniuliza utajuaje umeelewa ufahamu wa Kiingereza. Miaka ya sabini, nikijiandaa kwa mtihani, nilisoma habari ya mtoto mwenye homa huku nikimtafsiria Rebeka, aliyekuwa amelala mkekani akitetemeka. Swali likauliza: mama afanye nini? Niliandika, "Ampeleke hospitalini haraka," nikajipa vema.

Rebeka akauliza, "Na huyo mtoto alipona?"

Nikatafuta. Habari iliishia njiani, mama akiwa amembeba.

Nilimbeba Rebeka mgongoni, nikatoka mbio kwenda hospitalini.

Ukimaliza kusoma na bado umetulia kitini, Ayuma, soma tena.

Kukhu wako,
Mmboga