Kuku Mia Mbili na Arobaini wa Mzee Sulemani

Navakholo,
Jumanne asubuhi.

Kwa dada yangu Naliaka,

Mulembe, dada. Mulembe ya pili ni ya hao wote walio chini ya paa lako. Natumaini barua hii inakukuta mzima huko Kitale, wewe na shemeji George na watoto, na kwamba kile kikohozi cha Ashley kimemwachilia. Sisi huku tunapumua, tunamshukuru Mungu. Mama anatembea vizuri, magoti humsumbua tu wakati wa baridi, na anakuulizia kila siku kana kwamba ni mimi niliyekuficha. Najua utashangaa kuletewa barua na dereva wa matatu wakati simu ninayo. Ningepiga ungenikatia, kama ulivyonikatia Krismasi, na sikulaumu.

Kwanza nikupe habari za mvua ya mawe. Ilinyesha wiki mbili zilizopita, na sijawahi kuona kitu kama hicho. Mahindi yalilala chini kama yaliyokanyagwa na ng'ombe, na mabati yakang'oka upande wote wa kule mtoni. Nyumba yetu ilipona. Familia karibu tisini zimehamia kanisani na kwenye madarasa ya shule ya msingi, na kwa siku kumi zilikuwa zinakula ugali na sukuma wiki iliyotobolewa na mawe. Halafu Jumamosi Pasta Cornelius akapigiwa simu na Mzee Sulemani, yule mfanyabiashara wa kuku wa Mumias. Alikuwa amechinja kuku wa karamu kubwa, na wenye karamu wakaahirisha. Akasema atawaleta wote Jumapili bure, mradi apatikane mtu wa kuwapika siku hiyo hiyo.

Dada, wajua hayo maneno yalinichoma wapi. Tangu matanga ya baba, watu thelathini na mmoja walipobebwa hadi zahanati wakitapika baada ya kula kuku wetu, hakuna mtu hapa aliyekubali kula karamu iliyopikwa na mkono wa nyumba yetu. Wewe ndiwe uliyekuwa mpishi mkuu, na lawama zote zikakuangukia. Nilikuwepo kwenye harusi ya Nekesa, Mama Sellah alipokunyang'anya mwiko mbele ya wageni. Huu ni mwaka wa tatu hujakanyaga nyumbani. Lakini ukitafuta watu wa kupika kwa sufuria kubwa hapa kijijini, ni sisi tuliofunzwa na mama, basi. Pasta akaja akanisihi. Nikakubali, ingawa nilijua mtu mmoja tu akiumwa tumbo, jina letu limekwisha kabisa.

Pikapu ilifika saa tatu. Walipofunua turubai, haki ya Mungu, nilianza kuhesabu. Kreti kumi na mbili, kila moja kuku ishirini, weupe, wamelala kwenye barafu. Hebu kumbuka sisi tulivyokuwa tunagawana ingokho mmoja watu kumi na mmoja, mimi na wewe tukipigania shingo. Wanawake walianza kuimba kisha wimbo ukakatika wenyewe. Kuna bibi mmoja aliyegusa kreti kwa kidole, akarudisha mkono haraka kama ameiba.

Mzee Sulemani alikuja na mke wa mwanawe, Hasina, aliyepika miaka mingi katika hoteli moja huko Mumias. Mdogo wa mwili, mpole wa salamu, lakini kwa kazi ni askari. Alichota majivu mekoni akachora mstari chini, kutoka kwenye ukuta wa kanisa hadi kwenye mti. Akasema upande huu ni wa kuku mbichi na ule ni wa kuku walioiva, na atakayeshika mbichi asivuke mstari kabla hajanawa kwa sabuni hadi kwenye kiwiko. Visu vya huku haviendi kule, wala karai, wala kitambaa. Tulipotaka kuwaosha kuku kwenye mabeseni kama kawaida yetu, alikataa, akasema yale maji yanarukia kachumbari na mikono ya watoto, na kwamba moto ndio utakaowasafisha. Mama Sellah aliguna eti tumeletewa sheria kutoka Mumias. Saa moja baadaye nilimsikia akimfokea pasta mwenyewe arudi nyuma ya majivu.

Ngoja nikuchekeshe kidogo. Mzee Isaiah alikuja kukagua, kama anavyokaguanga kila kitu, akapekua kuku wa kwanza, wa pili, wa tatu, kisha akauliza kwa sauti ni nani aliyekula imondo mia mbili na arobaini. Tulieleza kwamba kuku wa biashara hutolewa firigisi zikauzwa kando. Hakuelewa. Alisema kuku asiye na imondo ni kama mgeni asiye na jina, na wazee watakaaje hapo wapewe mapaja kama watoto? Hasina alimsikiliza hadi mwisho, akamwomba radhi kwa niaba ya Mumias nzima, na akamwahidi paja la kwanza kutoka sufuria ya kwanza. Mzee akakubali, ila alisema anakubali kwa sababu ya mvua ya mawe tu.

Tulipofika kreti ya kumi na mbili, ile iliyokuwa chini kabisa karibu na injini, barafu ilikuwa imeyeyuka yote. Kuku walikuwa vuguvugu, na ngozi inateleza. Harufu ilikuwa kidogo sana, ya kutafuta. Wanawake wakaanza mara moja: leteni limau, leteni chumvi, tuwakaange sana, tuwatie moshi. Nilimtazama Hasina, naye akanirudishia macho. Akasema sheria zake ameshazitoa, lakini mpishi mkuu ni mimi, basi niamue. Nilisimama pale mkono wangu uko juu ya kreti. Kuku ishirini, dada, na watoto wamejipanga ukutani wanalamba midomo. Nikasema wazikwe.

Kelele zilizotoka hapo! Nani amewahi kutupa kuku Kakamega? Mmoja alisema nina wazimu, mwingine akasema nina laana. Niliwaambia jambo moja, nitakuandikia hapo chini, na baada ya hilo hakuna aliyebisha. Mzee Isaiah mwenyewe alichukua jembe. Shimo lilichimbwa refu ili mbwa wasifukue, kuku wakashushwa, na wazee wakavua kofia bila kuambiwa. Sijui kama walikuwa wanafanya mzaha. Mimi sikuweza kucheka.

Hao wengine mia mbili na ishirini tuliwapika. Hasina alikuwa anachagua kipande kinene katika kila sufuria, anapasua hadi mfupani, akiona damu hata tone anarudisha kifuniko bila neno. Hakuna chakula kilichokaa kando kikipoa. Kilitoka motoni kikaenda sahanini, na wagonjwa walio nyumbani walipelekewa cha moto kwa boda. Kufunga cha kubeba tulikataza, na kwa watu wetu hilo ni kama kukataza amina ya mwisho wa sala. Walikula palepale, watu karibu mia saba, Waislamu na Wakristo, kila mtoto na paja lake zima. Kukawa kimya. Umewahi kusikia watu mia saba wakinyamaza, Naliaka? Nilisikia mifupa ikivunjwa na ndege juu ya paa. Nilikaa juu ya kuni nikalia waziwazi, kwa kuwa sikujua kwamba jambo kubwa namna hiyo linaweza kupita mikononi mwa mtu kama mimi. Leo ni siku ya pili, na hakuna hata mmoja aliyeumwa.

Sasa nikuambie nilichowaambia pale kwenye kreti. Siku ya matanga ya baba kulikuwa na sufuria ya kuku waliolala tangu jana yake, mabaki ya chakula cha wakwe. Asubuhi ulinituma nikawamwage. Nilifika hadi shimoni. Nilifunua, nikaonja, chumvi ilikuwa sawa, na nilikuwa mtoto wa nyumba ambayo kuku hatupwi. Uliposhuka kuwasalimu wakwe, niliwamimina ndani ya sufuria yako, nikakoroga. Jioni ile, watu wakiwa zahanati, uliniuliza kama niliwamwaga kweli. Nilikujibu ndiyo. Ukaniamini, ukaanza kutafuta kosa lako, na mimi nikakuacha ulitafute miaka mitatu.

Hayo niliyasema mbele ya wanawake wote, na mimi mwenyewe nikasikia yalivyo mabaya. Wewe ndiye uliyepaswa kuyasikia kwanza, na nimekufanya wa mwisho. Hilo nalo ni kosa langu. Sina la kujitetea. Nilikuwa na hofu, halafu hofu ikageuka mazoea.

Mama Sellah alikaa chini palepale kwenye majivu. Hakunitukana. Alisema tu kwamba yeye ndiye aliyekunyang'anya mwiko, na akaomba namba yako. Nimempa, lakini nimemsihi asipige kabla ya Ijumaa, ili barua hii itangulie. Namba yake wewe huna, kwa hiyo ukiona simu ya mtu usiyemjua, ni yeye. Yangu usishike kama moyo haujataka. Yake nakuomba uishike.

Mama anakusalimu, na pasta, na Mzee Isaiah ambaye bado anaulizia zile firigisi. Nibusie Ashley. Mungu akutunze huko uliko.

Ni mimi mdogo wako,
Khalayi